Theluthi ya Bi Kurimoto na Ufagio wa Bibi

Kwa heshima na taadhima, mimi Minekawa Iroha, mwenye umri wa miaka kumi na sita, binti pekee wa Mwenyekiti wa Kampuni ya Kamera ya Minekawa, nawatangazia wasomaji wote wa gazeti hili kwamba nimeacha mizaha. Nimeiacha kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, na sitairudia maishani.

Tangazo hilo nililitoa Jumamosi asubuhi mbele ya picha ya marehemu mama. Lilidumu mpaka wakati wa chai.

Kwa mnaojiunga nasi leo, habari kwa ufupi ni hii. Nilirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kosa la kuchanganya ndara za walimu, hata mwalimu mkuu akahutubia mkutano wa asubuhi akiwa amevaa mbili za kushoto. Nilishuka kituoni na sanduku langu nikakuta hakuna aliyekuja kunipokea. Baba hakuja kwa sababu siku hiyohiyo magazeti ya Tokyo yaliandika kuwa Bi Kurimoto, mwenye maduka ya miwani nchi nzima, amenunua zaidi ya theluthi moja ya hisa za kampuni yetu.

Mimi sikujua theluthi ina uzito gani. Hesabu niliyoijua ni ya nyumbani: tulikuwa watu watatu, na mezani tulikaa wawili, bibi na mimi.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenieleza. Alikuwa jikoni akikandamiza figili kwenye pipa la chumvi kwa jiwe kubwa, na alinijibu bila kuinua macho.

"Theluthi si nusu," nilimwambia. "Kwa hiyo hawezi kumwamuru baba."

"Hawezi. Ila hakuna jambo kubwa litakalopita bila yeye kutaka. Chukulia mtu amekuja kukutembelea, akaketi mlangoni. Hakwambii uende wapi. Lakini hutoki mpaka anyanyuke."

"Basi tumwombe anyanyuke."

"Akinyanyuka atauza kile kiti chake. Na atakayekinunua pengine hatavua hata viatu. Nipe jiwe lile jingine, wewe mtoto, usisimame tu kama mlingoti."

Nikampa jiwe.

Kampuni yetu inatengeneza vitu viwili. Kuna lenzi za mitambo ya hospitali, ambazo zinatulisha. Na kuna kamera za kuunganishwa kwa mkono, ambazo zinatupa jina. Kila mtu mjini alijua kuwa Bi Kurimoto anawataka mafundi wetu wa kusugua vioo kwa ajili ya miwani yake. Ambalo hakuna aliyelijua ni kama ataiacha karakana ya kamera iendelee, au ataifunga.

Wakurugenzi wa baba walikuwa wawili na mawazo mawili. Bwana Oguchi, wa fedha, alisema mwekezaji mkubwa ni ukuta, sasa hakuna papa wa Tokyo atakayetumeza. Bwana Yanagisawa, mkuu wa karakana, alimjibu kuwa ukuta ukijengwa nje ya nyumba ni ulinzi, ukijengwa katikati ya sebule ni balaa. Walikuwa wakibishana hivyo kila siku kwenye ngazi zetu huku wakivua viatu, na kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie kuingia.

Baba hakubishana. Baba alikuwa karakanani.

Nisieleweke vibaya. Baba ni mtu mwema. Mama alipokuwa hai, mkono mmoja wa baba ulikuwa wetu na mmoja wa karakana. Mama alipofariki, na ule mwingine ukaenda karakana. Nadhani hakujua pa kuuweka. Nami nikapelekwa shule ya bweni, ambako mizaha ina faida moja kubwa: ukiharibu sana, wanampigia mzazi simu.

Safari hii alipopigiwa simu, aliahidi kitu. Alisema Jumamosi jioni tutakula chungu, kile chakula cha mboga na mchuzi kinachochemkia palepale mezani, yeye na mimi peke yetu, maana bibi angekuwa kwenye chemchemi za maji ya moto za mlimani na mashoga zake. Nilinunua uyoga mwenyewe. Nilinunua kabichi, vitunguu virefu na tofu ya soya. Karoti nilizikata kwa umbo la maua, kazi ambayo mtu haifanyi kama hana matumaini.

Ijumaa baba akaja kusimama nje ya mlango wa chumba changu. Hakuingia. Alisema Bi Kurimoto ameomba apokewe kesho, si ofisini, bali katika nyumba yetu, kwenye chumba kilekile ambamo babu aliunganisha kamera ya kwanza. Atatoa jibu lake hapohapo.

"Wewe utaleta chai," alisema.

"Na chungu?"

Kivuli chake kilisogea nyuma ya karatasi ya mlango.

"Wakiondoka mapema," akasema baba.

Nawaomba mkumbuke maneno hayo mawili. Mimi niliyakumbuka kupita kiasi.

*

Bi Kurimoto alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mzee, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alivua viatu, akapiga magoti, akavigeuza mwenyewe vitazame nje. Bwana Oguchi, ambaye alikuwa amejiandaa kumfanyia hivyo, alibaki ameinama na mikono mitupu.

Walimketisha mahali pa heshima, mbali kabisa na mlango, ukuta wa ndani ukiwa nyuma yake. Nikaleta chai. Baba alizungumza. Nilipoondoka alikuwa kwenye habari za babu. Niliporudi na chai ya pili alikuwa bado kwenye babu. Bi Kurimoto alisikiliza kama mtu anayepimwa macho, bila kupepesa.

Chai ya tatu. Nje jua lilikuwa limeanza kuinama juu ya ziwa. Jikoni maua yangu ya karoti yalikuwa yameanza kukauka kingo.

Sasa nifike kwenye ufagio.

Bibi yangu ana dawa ya wageni wasioondoka. Amewahi kuitumia kwa wauza bima, na kwa jirani yetu anayekuja kusimulia magoti yake. Unachukua ufagio, unausimamisha kichwa chini, nyasi zikiwa juu. Unazifunika nyasi zake kwa taulo jembamba, kama mtu aliyejitanda. Unauegemeza ukutani nyuma ya mgeni, upande wa pili. Kabla chai haijapoa, mgeni anakumbuka kuwa ana shughuli kwake.

Nimekulia na dawa hiyo na sijui kama naiamini. Lakini bibi alinifundisha sharti lake: mgeni asiuone. Asipouona, ni dawa. Akiuona, ni tusi, na hakuna tusi kubwa zaidi unaloweza kumpa mtu bila kufungua mdomo.

Taulo la bibi sikuliona. Nikachukua langu kutoka kwenye sanduku la shule. Nikauegemeza ufagio kwenye korido, nyuma kabisa ya mgongo wa Bi Kurimoto, nikarudi na chai ya nne nikiwa na uso wa mtawa.

Na dawa ilifanya kazi. Nilipoingia, baba alikuwa amemaliza. Alikuwa ameweka mbele ya Bi Kurimoto kamera ya kwanza ya babu, juu ya kitambaa cha hariri. Bwana Yanagisawa alikuwa ameacha kupumua. Bwana Oguchi alipumua kwa niaba ya wote.

Bi Kurimoto aliitazama kamera kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilainika.

"Nimesugua vioo tangu nikiwa mtoto," alisema. "Siwezi kushika lenzi ya mtu na mikono iliyoshika keki. Naomba kwanza ninawe. Kisha nitaishika, kisha nitawajibu."

Mahali pa kunawia kwetu ni mwisho wa korido.

Hiyo korido.

Wasomaji wapendwa, trei iliniteleza, nikaidaka kwa kidevu. Nilisimama kabla ya mtu yeyote.

"Maji yetu ni ya baridi sana, Bi Kurimoto," nilisema. "Nitakuletea beseni lenye maji ya moto hapahapa."

"Napenda ya baridi."

"Bomba linapiga kelele."

"Sisikii vizuri, binti yangu. Halitanisumbua."

"Iroha," alisema baba, kwa ile sauti yake ya chini. "Mpishe mgeni."

Nikampisha.

Nilisikia soksi zake zikienda kwenye mbao. Zikasimama. Nikasikia zimesimama kwa muda ambao mtu angeweza kunawa mikono ya familia nzima. Kisha maji yakafunguliwa, bomba likapiga kelele kama nilivyoahidi.

Aliporudi hakuketi. Alipiga magoti kizingitini, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole vyake.

"Nimekaa sana," alisema. "Mniwie radhi kwa kuwachosha. Chai ilikuwa nzuri."

Hakuwa ameishika kamera. Kikombe chake cha nne kilikuwa kimejaa. Bwana Oguchi alimkimbilia na kijiko cha kuvalia viatu, lakini alikuwa ameshavaa, na gari lilikuwa limeshawashwa.

*

Nilipokwenda kuondoa ushahidi, nilikuta ufagio umesimama vizuri, nyasi chini, kama ufagio wowote wa watu wenye adabu.

Taulo halikuwepo.

Ndani, wanaume watatu walikuwa wamepiga magoti kuizunguka kamera ya babu wakitafuta kosa. Kwetu jambo likiharibika hatuulizi nani kaharibu. Kila mtu hukimbilia kulidaka kosa kabla mwenzake hajalidaka.

Bwana Yanagisawa alisema ni yeye, maana mikono yake ilinuka mafuta ya mashine. Bwana Oguchi alisema hapana, ni yeye, kwani keki alizileta kutoka duka la kituoni badala ya lile la zamani la kando ya hekalu. Yanagisawa akasema keki zilikuwa nzuri. Oguchi akasema asimpunguzie. Wakafika mahali pa kushindana kwa hasira nani alifanya vibaya zaidi, na Bwana Yanagisawa akatamka kuwa mwenzake anamwonea wivu hata kosa.

Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Baba aliwanyamazisha kwa kuinua mkono. "Kosa la nyumba ni la mwenye nyumba," alisema. "Nilizungumza mno juu ya marehemu baba yangu. Nilimwonesha mgeni kuwa hapa hatuna nafasi ya mtu mwingine." Kisha akawaambia kwa utulivu kwamba kama Bi Kurimoto ameamua kutupa mgongo, mwenyekiti ndiye atakayeondoka, ili asipate sababu ya kuigusa karakana.

Nami nilikuwa pale pale mlangoni na trei yangu. Ulikuwa wakati mzuri wa kusema. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni, "Niondoe vikombe?"

Waliondoka mapema. Tuseme ukweli: nilipata nilichokitaka.

Niliweka jiko mezani, nikaweka chungu, nikapanga maua yangu. Baba alikaa mbele yangu, peke yake, bila simu, bila faili. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimekiomba kitu hicho kila mwaka mpya hekaluni, nikipiga makofi mawili na kufumba macho.

Mvuke ulipanda kati yetu. Nilimpakulia uyoga.

"Karoti hizi ni maua," alisema.

"Ya mcheri, ya mwezi wa nne."

"Mama yako alikuwa akizikata hivi."

"Najua, baba."

Alichukua vijiti vyake, akashika ua moja, akaliangalia kama anavyoangalia skrubu ndogo. Halafu akalirudisha kwenye bakuli. Alikaa hivyo, vijiti mkononi, macho kwenye mvuke. Mara moja tu alisema, "Samahani, Iroha, nilikuahidi chakula cha furaha."

Nilikula chungu chote. Nilikula fungu langu, na fungu lake, ili asione kimebaki. Nimewahi kula peke yangu kwenye treni, bwenini siku za likizo wenzangu wakiwa wamechukuliwa na mama zao, na kwenye meza ya jikoni redio ikiwa imewashwa. Sijawahi kula peke yangu kama siku ile, na mtu mbele yangu.

Ndipo, nikiwa na tofu mdomoni, nilipokumbuka lile taulo.

Shuleni kwetu kila kitu cha mwanafunzi sharti kishonwe jina. Soksi, shuka, mto. Na taulo.

*

Bibi aliporudi Jumapili nilimchunguza usoni nione kama, kwa muujiza fulani, alipita nyumbani Jumamosi akalichukua taulo. Alinichunguza na yeye.

"Ufagio wangu umehama ndoano," alisema.

"Nilifagia."

"Wewe?"

"Watu hubadilika, bibi."

"Hubadilika," alisema bibi. "Ila si wote kwa wakati mmoja. Baba yako ameacha kula, wewe umeanza kufagia. Mnanitisha."

Nikajua hanalo. Basi alikuwa nalo nani? Sikutaka kujijibu, na kwa siku zile chache nilifanikiwa.

Mjini uvumi ulishika kasi. Jumatatu tulisikia kuwa Bi Kurimoto ataitisha mkutano wa dharura wa wenye hisa. Jumanne tukasikia hapana, anauza theluthi yake yote kwa mfuko mmoja wa uwekezaji wa Tokyo, wale watu ambao hununua kampuni kama mtu anavyonunua kuku, kwa ajili ya mapaja. Mke wa fundi mmoja alimwuliza bibi sokoni kama aanze kutafuta nyumba kwa kaka yake Nagoya. Bibi alimjibu anunue kwanza figili, msimu unaisha.

Baba alikwenda Kyoto, nyumbani kwa Bi Kurimoto, na sanduku la vitamu vya maharage, vile vizito ambavyo watu hubeba wanapokwenda kuomba radhi. Alirudi na sanduku. Msaidizi alikuwa amempokea kwa heshima zote na kumwambia kuwa bi mkubwa yuko safarini.

Mimi bibi alinipa kazi. Kwa kuwa nimependa kufagia, alisema, nikafagie karakana kila asubuhi mpaka shule itakaponipokea tena. Kwa hiyo Alhamisi nilikuwepo.

Asubuhi wafanyakazi husimama kwa mistari, redio inapiga piano ya mazoezi ya viungo, tunanyoosha mikono, tunaruka, kisha mwenyekiti anasema machache. Mimi nilikuwa pembeni karibu na mlango, na ufagio wangu. Baba alipanda kwenye kijukwaa amevaa suti nyeusi badala ya koti la kazi. Vijana hawakuelewa. Wazee walielewa, na mmoja wao aliizima redio kabla wimbo haujaisha.

"Nina tangazo," alisema baba.

Mlango nilioegemea ukafunguka. Ilibidi niruke pembeni nimpishe mtu mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa, aliyebeba furushi la kitambaa cha zambarau.

Bi Kurimoto aliinamia mistari ya wafanyakazi. Mistari ikainama kama majani ya mpunga. Alimwomba mwenyekiti ruhusa ya kusema kabla yake, na baba akashuka.

Hakupanda kijukwaani. Alisema akiwa chini, sauti yake haikuwa kubwa, na tulilazimika kumsikiliza kwa miili yetu yote.

Alisema anajua kuwa watu wanajiuliza kwa nini aliondoka Jumamosi bila kujibu. Alisema alipelekwa kufanya kazi katika duka la miwani Kyoto akiwa na miaka kumi na miwili, akilala juu ya duka. Mama yake alikuwa mkulima, na aliweza kuja kumwona mara moja tu kwa mwaka, kwa treni ya asubuhi.

"Mwaka wa pili," alisema, "mama alikaa jikoni na mimi tukinywa chai. Mke wa tajiri aliona ninapoteza muda. Akasimamisha ufagio kichwa chini nje ya mlango. Mama alikuwa mtu wa shamba, lakini ufagio aliujua. Aliacha chai yake, akaniambia ana shughuli, akaondoka. Treni yake ilikuwa ya jioni. Nadhani alikaa kituoni siku nzima. Mwaka uliofuata hakuja, alikuwa amekufa."



"Mimi sichukui neno kwa wepesi," aliendelea. "Nikaondoka, nikajiambia, hawa wameniambia wanachotaka, niwauzie wengine theluthi yangu. Lakini sikuweza kuuacha ule ufagio jinsi ulivyokuwa. Niliugeuza. Na hiki sikujua pa kukiweka, nikakibeba."

Alifungua furushi juu ya meza ya kuunganishia kamera. Ndani kulikuwa na taulo langu. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, na kukunjwa kwa uangalifu mkubwa. Sijawahi kuona kitu kinachotisha kama pasi ile.

"Napenda kujua," alisema, "ufagio ulikuwa wa nani."

Bwana Yanagisawa alitoka mstarini papo hapo. "Ni wangu."

"Ni wangu mimi," alisema Bwana Oguchi, akimpita kwa bega.

Sina hakika kama walijua wanazungumzia nini. Fundi mmoja wa vioo, ambaye hakuwahi kufika nyumbani kwetu, naye aliinua mkono.

Baba alikuwa ameikaribia meza. Alilifunua taulo mpaka kwenye pembe. Pale palikuwa na jina langu, kwa uzi mweusi mnene uliopakwa nta, uzi wa kushonea mikoba ya ngozi ya kamera, mishono mikubwa, iliyopinda, iliyokazwa kwa nguvu ya mtu anayeogopa isije ikafumuka. Wenzangu bwenini mataulo yao yalishonwa na mama zao kwa uzi wa pinki wenye maua. Langu walilicheka muhula mzima. Nami sikuwahi kukubali kulibadilisha.

Baba alipitisha kidole juu ya herufi.

"Mishono hii ni yangu," alisema. Kisha akageuka, akainama mbele ya Bi Kurimoto chini kuliko nilivyowahi kumwona akiinama. "Kosa ni langu. Nilikuja leo kujiuzulu. Naomba ulichukue hilo, na uwaachie hawa karakana yao."

Alikuwa ameliona jina. Alijua ni nani. Na bado alisema kosa ni lake.

Ningeweza kunyamaza, nawaambia. Wanaume wote wa kampuni walikuwa wamejipanga mbele yangu kama ukuta wa Bwana Oguchi. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi.

Nilikuwa pia nimeshika ufagio.

"Ni mimi," nilisema.

Mistari iligeuka. Nikatembea katikati yao, na kwa kuwa sikujua pa kuuweka ufagio nilikwenda nao mpaka mbele. Niliusimamisha, nyasi chini, nikaangalia mara mbili.

"Ni mimi, Bi Kurimoto. Baba hakujua. Hakuna aliyejua. Bibi alinifundisha, ila aliniambia mgeni asiuone, nami sikufikiri kuhusu kunawa mikono. Na nilinyamaza Jumamosi, nikanyamaza Jumapili, na siku zote mpaka leo. Nilimwacha baba aende Kyoto na lile sanduku."

Bi Kurimoto alinitazama jinsi alivyoitazama kamera ya babu.

"Ulitaka niondoke kwa ajili ya karakana?"

Wasomaji, hapo palikuwa na uongo mzuri sana, umepigwa pasi, umekunjwa, unanisubiri. Binti anayeilinda karakana ya babu yake. Watu wangelia.

"Hapana," nilisema. "Karakana siipendi. Baba alikuwa ameniahidi tule chungu, sisi wawili. Alisema kama mtaondoka mapema."

Nilisikia mtu nyuma yangu akishusha pumzi. Sikuthubutu kumtazama baba. Nilitazama mikono ya Bi Kurimoto. Ilikuwa imelichukua taulo tena, ikilikunja upya, pembe yenye jina ikiwa juu.

Hakusema neno juu ya theluthi yake. Hakusema kama ameiuza, au anaiuza kesho, au vipi. Alimgeukia baba.

"Na mlikula?" aliuliza.

Baba, ambaye kwa wiki nzima alikuwa na jibu la kila kosa, alinigeukia mimi.

"Nilikula mimi," nilisema. "Yeye alikaa tu."